Wageni 12 na Kipa wa JKT

Mimi ni mtu wa Msimbazi, na nalisema hili bila kumung'unya maneno: wachezaji wa kigeni wameijenga ligi yetu. Anayebisha akumbuke Desemba 23, 2018, Uwanja wa Taifa, Simba na Nkana. Kule Kitwe tulikuwa tumefungwa 2-1. Hapa nyumbani tunaongoza 2-1, dakika zinayoyoma, watu jukwaani wameshaanza kuteua wapiga penalti, mara mpira ukaingia ndani ya boksi na Clatous Chama akaugusa kwa kisigino. Wavuni! Mzambia kawatoa Wazambia wenzake, na Simba imeingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza tangu 2003. Mzee mmoja jirani yangu, aliyekuwa kimya kipindi chote cha pili, alinishika mabega kwa mikono miwili akawa anarudia neno moja tu: "Kisigino! Kisigino!"

Baada ya hapo mambo yakafuatana. Februari 2019 Meddie Kagere, Mnyarwanda, akaifunga Al Ahly palepale Taifa, 1-0. Machi, Chama huyohuyo akaifunga AS Vita dakika za lala salama, tukaingia robo fainali. Watani nao hawakubaki nyuma. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho wakatoka sare ya jumla 2-2 na USM Alger, wakakosa kombe kwa bao la ugenini tu, na Mkongo Fiston Mayele akamaliza na mabao 7, mfungaji bora wa mashindano. Mwaka 2025 ikawa zamu yetu: fainali ya kombe hilohilo na RS Berkane, tukafungwa 2-0 kwao, tukatoka 1-1 Zanzibar. Pointi za safari za namna hii ndizo zimeipa Tanzania nafasi 4 za klabu katika mashindano ya Afrika.

Wazee wa klabu huniambia Simba ya 1993 ilifika fainali ya Kombe la CAF na kutoka 0-0 na Stella kulekule Abidjan, kwa vijana wa hapahapa. Ni kweli, na heshima ya kikosi kile haitafutika. Lakini kati ya fainali ile na kisigino cha Chama ilipita miaka 25, na ukiondoa 2003 tulipowatoa Zamalek wakiwa mabingwa watetezi, miaka hiyo tulikuwa wasindikizaji.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotaka mipaka ifungwe hulisahau. Mbwana Samatta alikuwa mgeni Lubumbashi. TP Mazembe walimwona akiwa na Simba, wakamchukua 2011, na huko ndiko alikokomaa hadi akabeba Ligi ya Mabingwa 2015 na kutangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Bila Mazembe hakuna Genk, na bila Genk hakuna Aston Villa wala lile bao la kichwa la Wembley mwaka 2020 dhidi ya Manchester City. Wakongomani wangesema nafasi hii ni ya kijana wa Katanga, leo tungekuwa na simulizi nyingine kabisa.

Kwa hiyo mgeni sina ugomvi naye. Ugomvi wangu uko kwenye namna tunavyomhesabu. Idadi yao kwa klabu ya Ligi Kuu ilikuwa 5, mwaka 2015 ikawa 7, mwaka 2018 ikawa 10, na tangu 2021 ni 12. Kila ilipopandishwa hoja ilikuwa ileile, tukashindane na Waarabu. Vijiweni tumebishana miaka yote hiyo juu ya wangapi waje na wangapi wacheze, na ni mara chache kumsikia mtu akiuliza huyu anayekuja anamzidi nini kijana aliyepo.

Waliotulea walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Djigui Diarra, kipa wa Yanga, jembe lake tumeliona. Mtazame anaporudishiwa mpira. Mshambuliaji anamkimbilia, yeye kasimama, unyayo juu ya mpira, anangoja. Jamaa akibakiza hatua mbili tatu, mpira unatoka kwenda kwa beki wa pembeni ambaye hakuna aliyemwona, na safu nzima ya adui imepitwa kwa pasi moja. Mimi ni wa Simba na pasi ile inaniuma kila nikiiona, lakini kipa wa namna hiyo ni darasa kwa kila mtoto anayetaka kudaka. Chama alikuwa na lake. Khalid Aucho, ambaye hakuimbwa sana kwa kuwa kiungo mkabaji haimbwi, aliwafundisha vijana wetu kusimama mahali sahihi kabla mpira haujafika.

Lakini wapo waliopokelewa uwanja wa ndege kwa matarumbeta, wakavishwa skafu, wakapigwa picha wakiwa wameshika jezi, kisha wakasugua benchi msimu mzima na kutemwa dirisha lililofuata. Hao ni wengi kuliko akina Chama. Kila mmoja alikalia kiti, alilipwa mshahara, na alimzuia mtu. Hasira zangu haziendi kwa mchezaji mwenyewe, maana yeye aliitwa, akaahidiwa, akaacha familia Abidjan au Kinshasa. Na shabiki anayemtukana mitandaoni mtu aliyekosa bao moja ugenini anatuaibisha sote. Wa kuulizwa ni yule aliyemsajili kwa kuangalia video ya dakika tano.

Sasa nije langoni, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Agosti 2025 tuliandaa CHAN pamoja na Kenya na Uganda, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani kwao tu. Timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ilishinda mechi 3 na kutoka sare 1 katika kundi lake, ikaruhusu bao moja tu, ikafika robo fainali ya CHAN kwa mara ya kwanza kabla ya Morocco kututoa 1-0 kwenye Uwanja wa Mkapa. Kipa wetu alikuwa Yakoub Suleiman, na alikuwa ametoka JKT Tanzania. Kwa nini JKT? Kwa sababu msimu uliokuwa umeisha lango la Yanga lilikuwa la Mmali Diarra, la Simba lilikuwa la Moussa Camara kutoka Guinea, na la Azam lilikuwa la Msudani Mohamed Mustafa. Klabu 3 kubwa, makipa 3 wa kigeni. Mlinda mlango wa taifa ikabidi apatikane jeshini. Simba walimsajili baada ya kumwona, jambo jema, ila kazi ya kumkuza ilikuwa imefanywa na wengine.

Nilizungumza na kijana mmoja wa mchangani, upande wa Mbagala, baada ya mechi ya jioni. Goti limechubuka kwa kokoto, glavu zake zimeshonwa kwa uzi mweusi pale kwenye kidole gumba. Nilimwuliza anaota kudakia timu gani. Nilitegemea ataje moja ya hizi mbili zinazogawa nyumba zetu. Akasema, "Prisons, JKT, au Mashujaa, bro. Huko ndiko kipa Mbongo anadaka." Hakulalamika. Alikuwa ameshapiga hesabu zake akiwa na miaka 16 au 17, na hesabu zake zilikuwa sahihi.

Winga mzawa akikosa namba anaweza kuingizwa dakika 20 za mwisho akatuonyesha alichonacho. Kipa hana dakika 20. Aliye wa kwanza akiwa mzima na mzuri, wa pili anamaliza msimu kwa mazoezi na mechi mbili za kombe. Misri, ambao ndio tunaotaka kushindana nao, wamewahi kuwafungia mlango makipa wa kigeni kabisa, na katika miaka hiyo hawakulala njaa ya makombe. Mimi naamini nasi tufanye hivyo kwa kipindi. Waliopo na mikataba wamalize kwa heshima zote. Baada ya hapo lango liwe la wazawa.

Namba tisa nayo inanitia wasiwasi. Kuanzia msimu wa 2012/13 hadi 2024/25, Mtanzania ameibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu katika misimu 4 tu kati ya 13: Simon Msuva mara mbili, mara ya pili akilingana na Abdulrahman Mussa, kisha John Bocco, kisha George Mpole. Misimu mingine ni Tchetche, Tambwe, Okwi, Kagere, Mayele na Saido, Aziz Ki, Ahoua. Mpole alifunga mabao 17 akiwa Geita Gold, timu iliyompanga wiki hadi wiki. Sina shaka kwamba angekuwa Simba au Yanga mwaka ule angekuwa wa tatu kwenye foleni, na jina lake tusingelijua.

Watu watanitajia Clement Mzize, na wana haki. Alitoka kikosi cha vijana cha Yanga wakati wa Nasreddine Nabi, akakaa nyuma ya Mayele, akajifunza, na Mayele alipoondoka 2023 kijana akawa tayari ameiva. Msimu wa 2024/25 alifunga mabao 14 ya ligi, na bao lake dhidi ya TP Mazembe likampa tuzo ya CAF ya bao bora la mwaka 2025. Nami nasema ndivyo inavyotakiwa: mgeni mwenye jembe, kijana pembeni yake, na kocha mwenye subira. Tatizo ni kwamba Mzize ni mmoja, na klabu za Ligi Kuu ni 16.

Subira ya kocha, hata hivyo, inahitaji kocha anayekaa. Tangu Patrick Aussems aondoke mwishoni mwa 2019, hadi 2025 inamalizika klabu yangu ilikuwa imepitia Vandenbroeck, Gomes, Pablo Franco, Zoran, Robertinho, Benchikha, Fadlu na Pantev. Kocha anayejua hatamaliza mwaka hawezi kumpanga mtoto wa miaka 19. Atampanga mtu mzima ambaye amesajiliwa ashinde Jumapili. Na kila kiti kinapobaki wazi ghafla huitwa mzawa. Septemba 2022 Juma Mgunda aliichukua Simba iliyoachwa na Zoran, akawatoa Nyasa Big Bullets na Primeiro de Agosto, akaiingiza makundi. Januari akaja Robertinho. Benchikha alipoondoka 2024, Mgunda akaitwa tena kumalizia msimu. Mtu anayeaminiwa nyakati za shida anastahili kuaminiwa siku ya kwanza ya maandalizi ya msimu pia, akiwa na kikosi alichokichagua yeye.

Hemed Suleiman naye ni vilevile. Aliachiwa Stars kule Ivory Coast Januari 2024 baada ya Adel Amrouche kufungiwa katikati ya mashindano, akapata sare na Zambia na DR Congo, Novemba akaifunga Guinea 1-0 kwa Mkapa na kutupeleka AFCON ya Morocco. Mwezi mmoja na kitu kabla ya fainali zenyewe akawekwa kando, akaja Miguel Gamondi. Gamondi alifanya kazi nzuri, na sare na Uganda na Tunisia zilitufikisha hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Nampongeza kwa dhati. Lakini timu aliyoikuta ilikuwa imejengwa na mtu, na mtu huyo alistahili kuisimamia.

Lipo pia suala la uraia. Januari 2025 wachezaji 3 wa kigeni wa klabu moja ya Ligi Kuu walipewa uraia wa Tanzania, na mjadala ukawaka nchi nzima. Wao sasa ni ndugu zetu kisheria na sitawanyooshea kidole. Nasema tu kwamba uraia ni kitu kizito. Usigeuzwe njia ya kupunguza hesabu ya wageni kwenye fomu ya usajili.

Ningekuwa na sauti ndani ya shirikisho letu la soka, TFF, ningeacha 12 ibaki na kuanza kuhesabu kitu kingine. Waingereza, wanapopanga orodha ya kikosi cha ligi, hawahesabu pasipoti. Katika kikosi cha watu wazima cha 25, wasiolelewa na klabu za huko hawazidi 17, hivyo klabu zinasukumwa kulea. Sisi tuhesabu dakika. Kila klabu ya Ligi Kuu ilazimike kuwapa wazawa wa chini ya miaka 21 dakika zinazojulikana kwa msimu, dakika za ligi, si za bonanza. Inayoshindwa ipunguziwe nafasi za wageni dirisha linalofuata. Hapo ndipo kiongozi atafikiri mara mbili kabla ya kumleta mtu wa kukalia benchi, maana nafasi ile itakuwa na bei.

Fainali za AFCON 2027 tumekabidhiwa sisi, Kenya na Uganda. Kijana atakayezidaka mechi zile anapaswa kuwa langoni leo, wikiendi hii, kwenye mechi yenye presha na mashabiki wenye kelele. Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Msimbazi na watani wa Jangwani: dirisha likifunguliwa, kabla hujamwuliza kiongozi wako analeta mgeni gani, mwulize ni kijana gani wa timu ya vijana anapanda, na atacheza dakika ngapi.