Samweli: Mtoto Aliyeombwa ni wa Nani?

Katika Milima ya Uluguru, toka Matombo hata Mgeta, jina Samweli halimshangazi mtu. Twaliita kila siku wala hatuulizi maana yake. Ni jina la Kiebrania, nalo lina maneno mawili: shem, yaani jina, na El, yaani Mungu. Wataalamu wengi hulifasiri, “Jina lake ni Mungu.”

Lakini aliyempa mtoto jina hilo ni Hana, mama yake, naye alitoa sababu nyingine: alimwomba kwa Bwana. Ajabu ni kwamba neno la Kiebrania la kuomba lalingana zaidi na jina la Sauli, mfalme wa kwanza wa Israeli. Hivyo wote wawili waliombwa. Taifa lilimwomba mfalme likapewa Sauli, naye akaung’ang’ania ufalme hata akamwinda Daudi amwue. Hana alimwomba mwana, akamrudisha kwa Mungu.

Basi, mtoto ni wa nani? Kwa desturi ya Waluguru huhesabiwa katika ukoo wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu yake. Baba naye asema, “Mtoto ni wangu, jina nitampa mimi.” Mara nyingine ugomvi huo waingia nyumbani kabla kitovu cha mtoto hakijakauka.

Elkana, mume wa Hana, hakushindana na mkewe; alimwachia atimize nadhiri yake. Mtoto alipoachishwa ziwa, alipelekwa Shilo kwa kuhani. Lakini tusidhani kwamba mama alimtupa. Kila mwaka alimfanyizia kanzu ndogo akampelekea. Kanzu ya mwaka jana haimtoshi mtoto anayekua. Kwa hiyo ilimpasa Hana kukikumbuka kimo cha mwanawe, ingawa hawakulala nyumba moja.

Hapo ndipo lilipo jibu. Mtoto ni wa Mungu, nasi tumeaminishwa tu. Mwenye kutoa jina hapati hati ya kummiliki mtoto, apata kazi. Baridi ya Uluguru haiulizi mtoto ni wa ukoo gani. Mjomba adaiye damu na baba adaiye jina, yawapasa wote wawili kujiuliza swali moja: kanzu ya mwaka huu i wapi?

Mungu atujalie tuwaite watoto wetu kwa midomo, na kuwavika kwa mikono.