Amekosa Nini?

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 1:26-28, Mwanzo 2:15, 19, Kutoka 20:10, Walawi 4:27-29, Hosea 4:1-3, Mathayo 27:22-24, Warumi 8:19-22.

Jumapili moja wakati wa likizo ya Agosti tuliwapeleka watoto wetu kuwaona wanyama katika Kituo cha Wanyama Yatima cha Nairobi. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1964 ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, nacho hupokea wanyama waliofiwa na mama zao na wale waliojeruhiwa. Tulibeba chapati na chai ya chupa, na watoto walikuwa wameingoja siku hiyo kwa majuma mengi.

Tulipofika kwa simba, binti yetu wa miaka sita alinyamaza. Simba dume alikuwa akitembea kando ya uzio. Akifika mwisho anageuka, akirudi anageuka tena. Katika mawazo ya mtoto, anayefungiwa nyuma ya vyuma ni mkosaji. Akauliza, "Baba, huyu amekosa nini?"

"Hajakosa kitu," nikamjibu. "Anatunzwa hapa ili asidhuriwe."

"Asidhuriwe na nani?"

Jibu la kweli lilikuwa moja tu. "Na watu."

"Na waliomfungia ni nani?"

"Ni watu pia."

Hakuuliza tena, lakini swali lake nilirudi nalo nyumbani.

Wako wanaosema kwamba kumfungia mnyama wa porini ni ukatili, na neno limeishia hapo. Wengine hawaoni swali lolote: wanyama waliumbwa kwa ajili yetu, basi tuwafurahie. Kisa cha kifaru aliyeitwa Sudan kinaonyesha kwamba jambo hili si jepesi hivyo. Mwaka 1975, akiwa bado mdogo, alikamatwa katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, akapelekwa mbali katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, katika nchi ambayo leo ni Chekia. Alinyang'anywa pori lake. Lakini huko porini majangili waliwamaliza vifaru weupe wa kaskazini kwa ajili ya pembe zao, na yeye aliyefungiwa ndiye aliyebaki hai. Desemba 2009 aliletwa Ol Pejeta, nchini Kenya, pamoja na wenzake watatu. Alikufa Machi 2018, dume wa mwisho wa aina yake. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu, nao hulindwa na walinzi wenye silaha.

Je, uzio ulimwonea au ulimwokoa? Yote mawili. Hapo ndipo tunapoona kwamba swali letu haliishii kwenye vyuma. Tunapaswa kuuliza ni nani aliyeifanya dunia kuwa mahali ambapo kifaru hawezi kuwa salama bila bunduki kando yake.

Soma Mwanzo 1:26-28. Kabla ya mwanadamu kupewa utawala alipewa mfano wa Mungu. Mpangilio huo una maana: tulipaswa kuwatawala viumbe jinsi Mungu anavyotawala, kwa kulisha, kulinda na kubariki. Katika Edeni wanyama hawakukamatwa kwa mitego. Mungu mwenyewe aliwaleta kwa Adamu, naye akawapa majina. Mtu aliyepewa utawala alipewa pia bustani ailime na kuitunza.

Sasa soma Hosea 4:1-3. Nabii anataja kuapa, uongo, kuua, wizi na uzinzi. Kisha, pasipo kuvuta pumzi, anasema kwamba nchi inaomboleza, na wanyama, ndege na hata samaki wanaondolewa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeapa uongo. Paulo anasema neno hilohilo katika Warumi 8: viumbe vimetiwa chini ya ubatili pasipo kupenda kwao. Hili ndilo jibu ambalo nilishindwa kumpa binti yangu. Simba hajakosa kitu. Sisi ndio tuliokosa.

Swali hilo ni la zamani. Mtoto wa Israeli aliyemwona baba yake akiweka mkono juu ya kichwa cha mwana-kondoo mkamilifu, kisha akimchinja, angeweza kuuliza vilevile: amekosa nini? Na baba angelazimika kujibu kwa aibu: hajakosa, mwanangu, mimi ndiye niliyekosa. Huduma ya patakatifu haikumfundisha mtu kuudharau uhai wa mnyama. Ilimfundisha kwamba dhambi yake ina gharama, na kwamba asiye na hatia ndiye anayeilipa. Karne nyingi baadaye liwali wa Kirumi alisimama mbele ya umati akauliza kuhusu Yesu swali ambalo binti yangu aliuliza mbele ya uzio. Umati haukuwa na jibu. Ulizidisha kelele tu.

Huenda mshiriki mmoja wa darasa akasema, "Watu wana njaa, nasi tunazungumza habari za wanyama?" Ni kweli kwamba Yesu alifundisha kuwa sisi ni bora kuliko shomoro wengi. Lakini katika maneno hayohayo alisema kwamba hakuna shomoro hata mmoja anayesahauliwa mbele za Mungu (Luka 12:6, 7). Thamani yetu kubwa haikutupa ruhusa ya kuwaonea wadogo. Nasi tunaoitunza Sabato tunajua kwamba amri ya nne inamtaja mnyama wa kufugwa kati ya wale wanaopaswa kupumzika. Punda anayebeba maji ya familia Sabato asubuhi, huku mwenyewe akiimba kanisani, ni shahidi dhidi yetu.

Jioni ile tulipofika nyumbani, binti yetu hakuingia ndani. Alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya kibanda cha mbwa wetu. Ni kibanda kidogo cha mbao. Tulikuwa tumezoea kumfungia humo tangu alfajiri hadi usiku, maji yake mara nyingi yakiwa yamekwisha kabla ya saa sita. Hakusema neno. Aligeuka tu akanitazama. Juma lile nilinunua waya na nguzo, nikamzungushia mbwa sehemu ya uwanja. Si jambo kubwa, wala haliwarudishi vifaru. Lakini nisingeweza kuongoza ibada ya jioni nikiwa na swali hilo nyuma ya nyumba yangu.

Isaya aliona siku ambayo mbwa-mwitu na mwana-kondoo watakaa pamoja bila uzio, na anayewaongoza ni mtoto mdogo (Isaya 11:6). Tunaingoja nchi hiyo mpya. Tunapoingoja, tusione haya kuongozwa na mtoto hata sasa.

Maswali ya Kujadili

1. Ni kiumbe gani aliye chini ya mamlaka yako leo? Kama angeweza kusema, kama punda wa Balaamu (Hesabu 22:28-30), angesema nini juu yako?

2. Kwa nini Mungu, alipomweleza Yona sababu ya kuihurumia Ninawi, aliwataja pia wanyama (Yona 4:11)?

3. Mtoto akikuuliza kwa nini asiye na hatia anateseka, utamwelezaje habari za msalaba kwa maneno atakayoyaelewa?