Kumfundisha Mtoto Kutazama

Siku hizi mtoto hupitiwa na picha nyingi machoni tangu anapoamka hadi anapolala, lakini ni nadra aitazame hata moja. Sisi wazazi tunalalamika kwamba watoto hawatulii, ilhali tumeketi kando yao tunaperuzi simu vivyo hivyo, hata mezani, hata wanapotusemesha. Wameyatoa wapi, kama si kwetu?

Nina desturi ya kukaa na wanangu mbele ya picha moja ya kale, isiyo na rangi, aliyoipiga Mmarekani Ansel Adams mwaka 1941 katika kijiji cha Hernandez, New Mexico. Sianzi na maelezo. Nawauliza wanaona nini. Kwanza husema mwezi. Wakinyamaza kidogo, mengine hujitokeza: anga jeusi limechukua zaidi ya nusu ya picha, chini yake utando wa mawingu meupe, kisha milima yenye theluji, na chini kabisa vijumba, kanisa, na misalaba ya makaburini iking'aa kwa jua la jioni. Mdogo wao aliuliza mbona watu wamepewa nafasi ndogo hivyo. Alikuwa ameugusa mpangilio wenyewe wa picha, maana ule upweke unaomwingia mtazamaji unatoka hapo: anga kubwa, makazi madogo, na hakuna rangi ya kulivuta jicho kando.

Siku ile Adams alikuwa safarini na mwanawe Michael, mvulana wa miaka 8. Kipima mwanga hakikuonekana. Kwa kuwa aliujua mwangaza wa mwezi, alikadiria, akapiga mara moja. Kabla hajapiga ya pili, jua lilikuwa limeshaiacha misalaba. Wepesi ule ulitokana na miaka mingi ya kutazama, na mwanzo wake ulikuwa kwa wazazi. Mwaka 1916, akiwa na miaka 14, walikwenda naye Yosemite, wakampa kamera yake ya kwanza. Nalipenda neno hilo: walikwenda naye.

Basi wajibu huu tusimwachie mwalimu wala dada wa kazi. Jioni simu ziwekwe kabatini, ya baba na ya mama zikitangulia. Picha yenyewe hata ya kalenda ya zamani inatosha. Mtoto akianza kuhangaika, tumrudishe kwa upole lakini bila kulegeza, tumwulize mwanga unatokea upande gani, kisha tumwache ajibu kwa wakati wake.