Tumeachana sisi, hatukumwacha mtoto

NDUGU Waislamu, talaka ni halali, na wanaoachana kwa wema hawastahili kunyooshewa vidole. Lakini mume anapomwacha mke, hajaacha kuwa baba, na mke hajaacha kuwa mama. Sasa tujiulize: baada ya talaka, mtoto ni haki ya nani?

Mimi ni mwalimu wa dini. Shuleni huwaona watoto wanaotumwa kwa baba kudai ada, wakarudishwa kwa mama na maneno makali. Baba anasema, "Sitoi hela mpaka nimwone mwanangu." Mama anajibu, "Humwoni mpaka utoe." Hapo mtoto amewekwa rehani!

Suratul-Baqara, aya ya 233, imekwisha kulimaliza jambo hili. Imempa baba jukumu la matumizi, kisha ikakataza mtoto kufanywa sababu ya kumdhuru mama au baba. Hata kumwachisha ziwa kabla ya miaka miwili kumewekewa sharti la kuridhiana na kushauriana. Ikiwa ziwa linahitaji mashauriano, je, shule na maradhi?

Hapa nchini, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro wa ndoa upitie kwanza Baraza la Usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufunguliwa mahakamani. Nasi tunayo Suratun-Nisaa, aya ya 35, inayoamrisha apatikane mwamuzi kutoka upande wa mume na mwingine upande wa mke. Tatizo ni kwamba ndoa ikishindikana, wazee hufunga kikao na kwenda zao, wakati kazi ya mtoto ndiyo kwanza inaanza.

Kikao hicho kirudi. Kiandike mtoto atalala wapi, mzazi mwingine atamwona lini, nani atalipa nini, na Idd atakula kwa nani. Mtoto akikua, makubaliano yatazamwe upya. Palipokuwa na kipigo, mama asilazimishwe kukaa uso kwa uso na aliyempiga. Wasuluhishi wamsikilize kila mmoja peke yake, na usalama wa mtoto utangulie.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mtoto si haki ya baba wala ya mama. Yeye ndiye mwenye haki, na wote wawili ni wadaiwa wake. Mbele ya Allah hatutaulizwa nani alishinda kesi, bali amana tuliitunza vipi.

Wabillahi tawfiq.