Kufanana si Undugu

Je, undugu hujulikana kwa sura? Wengi hukata shauri hivyo. Mtoto akizaliwa wala hafanani na upande wa baba, maneno huanza jikoni, yakafika barazani, na mwisho mama hurudishwa kwao. Hukumu nzito namna hii yafaa tuipime. Na kwa kuipima tumtazame mnyama wa kale ambaye sura yake iliwatatiza hata wenye elimu.

Katika mwaka 1811, huko Lyme Regis, Uingereza, Joseph Anning alivumbua fuvu kubwa katika mwamba wa pwani. Mwaka uliofuata umbu lake Mary akaupata mwili. Mifupa ile ilikwisha kugeuka jiwe. Wengine walimdhani mamba, wengine samaki. Baadaye akaitwa ikthiosauri, maana yake samaki-mjusi. Kwa nje ikthiosauri walifanana na pomboo, wenye mapezi na mkia wa kupigia maji. Lakini ndani ya mapezi yao mna mifupa ya mkono na vidole, nao walipanda juu kuvuta hewa. Walikuwa jamaa ya wanyama watambaao. Pomboo naye si samaki wala si mtambaazi, maana hunyonyesha watoto wake. Basi hawa wote walifanana kwa kuwa bahari iliwapa kazi moja, si kwa kuwa wamezaliwa ukoo mmoja.

Tena liko jambo la pili. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza mifupa ya Chaohusauri, jamaa ya ikthiosauri wa mwanzo, kutoka jimbo la Anhui, nchi ya China, yenye umri wa miaka milioni 248 hivi. Mama huyo alikufa akizaa: mtoto mmoja yu tumboni, wa pili anatoka ametanguliza kichwa, wa tatu yu nje. Wataalamu wale walisema ya kuwa kutanguliza kichwa ni urithi wa wazee wake waliozaa nchi kavu. Mwaka huo huo akatangazwa Kartorinko, wa jimbo lilo hilo, mwenye urefu wa sentimeta 40 tu, ambaye huenda alijikokota ufukoni kwa mapezi yake. Na katika jamaa zake waliokuja nyuma yumo Shonisauri wa Nevada, Marekani, mwenye urefu wa mita 15 hivi. Ukiwaweka pamoja, nani kwa macho tu angewaita ndugu?

Basi wako wafananao wasio ndugu, na wako ndugu wasiofanana. Mtu atasema, “Lakini sura nayo ni shahidi.” Ni kweli, ila ni shahidi mmoja, tena huona ngozi tu. Ikiwa wenye elimu walikosea walipotazama nje, nasi tukikosea, atakayelipa ni mtoto asiyeweza kujitetea. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapoitwa barazani kuamua neno la namna hii, usikubali uso wa mtoto uwe hukumu ya mama yake.