Mkatoliki wa Jina na Mkatoliki wa Nyumbani

Katika kila parokia kuna kitabu kikubwa ambamo yameandikwa majina ya wabatizwa wote. Jina likiisha kuandikwa humo halifutwi. Lakini pembeni mwake huachwa nafasi, ili baadaye padri aandike Kipaimara na Ndoa ya mtu huyo. Nafasi ile yatufundisha jambo: jina ni mwanzo tu, maisha yapaswa kulifuata.

Huku kwetu Runingu, katika uwanda wa Ruzizi, kama vile Uvira mjini na katika vijiji vya kando ya ziwa, majina hayapungui. Siku ya Pasaka kanisa hujaa hata watu wakasimama nje. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa Wenye Heri mjini Uvira mapadri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert, pamoja na Bruda Vittorio Faccin, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Siku ile tulishangilia sana. Kushangilia ni vema, lakini Mkristu hajulikani kwa sikukuu. Hujulikana nyumbani mwake, mlango ukiisha kufungwa. Na huko nyumbani ni mafundisho machache yatupimayo kama fundisho la Kanisa juu ya uzazi.

Watu husema: Mkatoliki wa kweli ni yule asiyetumia dawa za kuzuia mimba, naye azitumiaye ni Mkatoliki wa jina tu. Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli nusu. Yafaa tulichunguze.

Kanisa lafundisha nini? Papa Pius XI alilieleza jambo hili katika waraka wake wa tarehe 31 Desemba 1930, naye Papa Paulo VI akalithibitisha katika waraka uitwao Humanae Vitae, wa tarehe 25 Julai 1968. Sehemu ya 14 yasema kwamba si halali kwa mume na mke kulizuia kwa makusudi tendo la ndoa lisizae, ama kabla yake, ama katika kulitenda, ama baada yake. Vidonge, sindano, mipira, kufunga kizazi, vyote vimo katika katazo hilo vikitumiwa kwa nia ya kuzuia mimba. Dawa iliyo ya lazima kwa kuponya ugonjwa haikatazwi. Sababu ya katazo ni hii: Mungu ameunganisha katika tendo hilo umoja wa wawili na kupokea uhai mpya, wala mwanadamu hana ruhusa ya kuvitenganisha apendavyo.

Hayo wengi wameyasikia. Lakini wangapi wamesikia sehemu ya 10? Humo Baba Mtakatifu asema kwamba wazazi, wakiisha kupima hali ya mwili, ya mali, ya roho na ya jamii, waweza kuamua kwa ukarimu kupata watoto wengi. Tena waweza, kwa sababu nzito na kwa kuishika sheria ya Mungu, kuamua wasipate mtoto mwingine kwa muda, hata kwa muda usio na mwisho uliowekwa. Sehemu ya 16 yaeleza kwamba wenye sababu hizo waweza kuzifuata siku za mke zisizo za uzazi. Papa Pius XII alikuwa amekwisha kuwaambia wakunga jambo hilo mwaka wa 1951. Na sehemu ya 13 yasema neno zito: tendo la ndoa ambalo mmoja amlazimisha mwenziwe, bila kujali hali yake na matakwa yake ya haki, si tendo la upendo wa kweli.

Sasa tuchukue mfano. Mume mmoja amebatizwa na kufunga ndoa kanisani. Mkewe amezaa watoto sita, na wa mwisho hajaanza kutembea. Muuguzi wa kituo cha afya amemwonya mama kwamba damu yake imepungua, mwili wataka kupumzika. Mama amwambia mumewe: “Baba watoto, tungojee kidogo.” Naye ajibu: “Dini yetu yakataza kuzuia uzazi.” Usiku arudi amelewa kasiksi, wala hataki kusikia habari ya kungoja.

Je, mume huyu ni Mkatoliki wa kweli? Hakutumia dawa yoyote. Ameishika sehemu ya 14 kwa midomo, akaikanyaga sehemu ya 13 kwa miguu. Sheria ya Mungu ameifanya fimbo ya kumpigia mwenziwe. Nasi twasema wazi: Mkatoliki wa jina ni yule achaguaye katika mafundisho ile sehemu ambayo gharama yake hulipwa na mwingine.

Wazee wetu, kabla hawajafika mapadri, walijua kwamba mtoto hafai kuachishwa ziwa mapema. Mama aliponyonyesha, mume alikaa mbali naye. Lakini tusisahau: mara nyingi aliweza kukaa mbali kwa kuwa alikuwa na nyumba ya pili. Injili ilipofika, mume akaambiwa awe na mke mmoja. Ni vema tuliacha mitala. Ila wengi wetu tuliacha na uvumilivu ule pamoja nayo, na mzigo wote ukaangukia mwili wa mama mmoja. Ndipo mama huona njia mbili tu: kuzaa bila kupumzika, au kwenda kuchomwa sindano kwa siri. Njia ya tatu, ambayo ndiyo ya Kanisa, yataka mume ajitawale.

Wala njia hiyo si maneno matupu. Mganga John Billings wa Melbourne, huko Australia, alianza kazi hiyo mwaka wa 1953, akasaidiwa na mkewe Evelyn, naye mganga. Waliwafundisha akina mama kuzitambua siku za uzazi kwa dalili za mwili wao wenyewe, hata wasiojua kusoma. Tena mama anyonyeshaye mchana na usiku, bila kumpa mtoto chakula wala kinywaji kingine, na damu ya mwezi ikiwa haijarudi, ni nadra kupata mimba katika miezi 6 ya kwanza. Mambo haya hayataki fedha. Kuzifuata siku kwataka watu wawili wapatane, na mume asiyekubali kungoja siku chache aharibu kazi yote.

Na yule mama aliyekwenda kwa siri? Hatusemi kwamba dawa imekuwa halali kwa sababu ya taabu yake. Kanisa halikusema hivyo. Lakini tusimwite upesi Mkatoliki wa jina. Mtu ajuaye kwamba hajafika, ahuzunikaye, aombaye, aendaye kuungama, huyo yu njiani. Paulo VI, katika sehemu ya 25, awaambia wanandoa walioshikwa na dhambi wasikate tamaa, bali waikimbilie huruma ya Mungu katika sakramenti ya Kitubio. Naye Papa Yohane Paulo II, katika waraka Familiaris Consortio wa mwaka 1981, afundisha kwamba watu hukua hatua kwa hatua, ijapokuwa sheria haikatwi kwa kipimo cha kila mmoja. Aliyekufa rohoni ni yule ambaye hahuzuniki tena wala haulizi tena, asemaye kwamba Mungu hana neno na mambo ya chumbani. Mtu huyo pengine atumia dawa, pengine hatumii.

Basi tufanye nini? Katika jumuiya zetu, mafundisho ya uzazi yakitangazwa, mara nyingi huja akina mama peke yao, wakarudi nyumbani na maarifa wasiyoweza kuyatumia. Akina baba waje, wakae mstari wa mbele. Wazee wa Kanisa wasione haya kumwendea ndugu yao alewaye na kumwambia kweli. Na kabla ya kumwuliza mama kwa nini alikwenda kuchomwa sindano, tumwulize kwanza baba: Wewe, ulingoja?