Katika Adabu za Kuandika Chakula cha Wageni

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, yafaa ijulikane ya kuwa watu hukhitilafiana sana juu ya meza ya karamu. Mmoja husema: meza na viti, na kisu na uma, ni mambo ya Wazungu, na ayatumiaye amejifananisha nao. Wa pili husema: mgeni wa heshima hakalishwi juu ya jamvi. Na kila mmoja amdhania mwenziwe kuwa amepotea.

Ama meza, khabari yake ni wazi. Katika Sahihi ya Bukhari, Anas bin Malik ameeleza kuwa Mtume, sala na salamu zimshukie, hakula juu ya meza; na Qatada alipoulizwa walikuwa wakila juu ya nini, alijibu kuwa ni juu ya sufra, nazo hutandikwa chini. Basi atandikaye jamvi yu karibu zaidi na mwendo huo. Lakini Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ameitaja meza katika Ihya, pamoja na chekecheke la unga, na ushnani wa kuoshea mikono, na kula hata kushiba, kuwa ni mambo manne yaliyosemwa kuwa yamezuka baada ya Mtume. Kisha akabainisha kuwa si kila lililozuka ni haramu, na meza si ila kukiinua chakula kipate kulika kwa wepesi. La ajabu ni kuwa wako waikataao meza kwa ukali, na hilo la kushiba, ambalo Ghazali amelihesabu kuwa zito kuliko yote manne, hawalitaji kamwe.

Lililokatazwa ni vyombo vya dhahabu na fedha, kwa wanaume na kwa wanawake, mtu akiwa kitini au mkekani. Na kijiko cha fedha ni katika hivyo. Na uma, hata ukiwekwa kushoto kwa desturi ya wenyewe, muislamu na autie mkono wa kulia ndipo ale. Birika na tasa zitangulie, matunda yakiwapo yaletwe kwanza, na sinia lisiondolewe mpaka wote wameinua mikono.

Hayo ni mepesi. Mtu hufanya walima wa mwanawe, akaazima sahani za kaure, akakopa mchele na samli. Ukumbini wakaketishwa matajiri na wenye vyeo. Uani wakangoja maskini na wachukuzi, wapewe ukoko. Na jikoni wamo wanawake waliokesha wakipika, macho yao yakiyatazama masinia yanaporudi, kama limesalia pande la nyama. Hapo kitambaa ni cheupe na visu vimenyoka, na chakula hakikuandikwa.

Kwani Ghazali ameagiza kuwa fungu la watu wa nyumbani litengwe kabla ya wageni kupelekewa chao. Huenda kisirudi kitu, vifua vyao vikaona dhiki, na ndimi zao zikawasema wageni. Na imepokewa katika Sahihi mbili, kwa Abu Hurayra, kuwa chakula kiovu ni cha walima waalikwao matajiri wakaachwa mafakiri. Kwa hiyo Imamu Nawawi, katika Minhaji isomwayo katika madrasa za Kishafii, ameweka sharti ya kuwa wajibu wa kuitikia mwaliko huwapo ikiwa mwenye karamu hakuwakhusu matajiri peke yao. Basi aliyealikwa kwa mali yake tu, hana deni la kwenda.

Mtu atasema: nyumba ni ndogo, na watu ni wengi. Hujibiwa: sharia haikumlazimisha kuuita mji mzima. Awaitapo majirani, asiwapepete kwa mifuko yao. Na wakila kwa zamu, sinia la zamu ya mwisho liwe kama la zamu ya kwanza, nyama kwa nyama. Na fungu la wapishi liwe limekwisha kutengwa kabla ya kawa la kwanza kufunuliwa.